Baka lililopona limerudi palepale

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Nina mabaka meupe kwenye ncha za vidole na moja kiunoni ninapofungia kanga. Hospitali waliniambia ni vitiligo, kinga yangu inashambulia ngozi. La kiunoni lilipona kwa krimu. Nilipoiacha, miezi sita baadaye limerudi palepale. Kinga inapajuaje? Au ni dagaa ninaokula?

JIBU: Marahaba, mama. Dagaa hawahusiki, endelea kuwala.

Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti. Kwenye vitiligo, seli T, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, huziona kama adui na kuziua, huku zikimwaga kemikali iitwayo interferoni gama. Sasa ngozi nayo inajiponza: seli za kawaida za tabaka la juu zikiguswa na interferoni hiyo hutoa kemikali nyingine, kemokini, zinazovuta seli T zaidi kutoka kwenye damu. Ni kama harufu ya dagaa walioanikwa inavyowaita kunguru.

Na kunguru unawajua. Ukiwafukuza kichanjani hawaendi mbali, wanatua kwenye mwembe wa jirani. Baadhi ya seli T hizo hufanya hivyohivyo: hazirudi kwenye damu, zinabaki ndani ya ngozi ileile zikiwa na kumbukumbu ya melanosaiti. Krimu ilizituliza tu. Rangi ikarudi, dawa ukaiacha, nazo zikaanza upya. Hukukosea kupaka.

Fundo la kanga linachangia pia, maana msuguano wa kila siku huweza kuamsha vitiligo. Lihamishe, au vaa gauni.

Vidole visikukatishe tamaa ya dawa. Melanosaiti mpya hutoka kwenye mashina ya vinyweleo. Nadhani kiunoni uliona vidoti vyeusi kama ulezi kabla baka halijajaa. Ncha za vidole hazina vinyweleo, kwa hiyo huko rangi hurudi kwa shida mno.

Rudi kwa daktari wa ngozi. Baka likishapona tena, muulize kuhusu kupaka dawa iitwayo takrolimasi mara mbili kwa wiki ili lisirudi. Na ukiona baka lolote limekufa ganzi, hilo si la vitiligo: nenda upimwe ukoma, dawa zake hutolewa bure.