Kiungo asiye na mabao: auzwe au abaki?

SWALI: Shikamoo Kocha. Mimi na shemeji yangu tunashabikia timu moja, na kiungo wetu mkabaji amemaliza msimu bila bao, ana asisti moja tu. Kila mechi ikiisha shemeji ananionyesha takwimu kwenye simu na kusema jamaa ni mzigo, auzwe. Mimi nikimtazama naona timu inatulia akiwepo, ila nashindwa kueleza kwa nini. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Hicho unachoshindwa kukieleza ndiyo kazi yake yenyewe, na nakuomba usikiache kwa sababu tu hakina tarakimu.

Takwimu nyingi huhesabu mguso: pasi, shuti, mpira uliopokonywa. Johan Cruyff, gwiji wa soka wa Uholanzi, alikuwa akisema mchezaji hukaa na mpira wastani wa dakika 3 tu, la muhimu ni anachofanya dakika 87 zilizobaki. Namba sita, yaani kiungo mkabaji, analipwa kwa hizo 87. Beki wa pembeni akipanda, yeye amesimama wapi? Amefunga njia ya pasi kwenda kwa namba kumi, kiungo mshambuliaji, wa wapinzani? Akiifunga vizuri pasi haipigwi, na pasi isiyopigwa haihesabiwi popote. Xabi Alonso, kiungo aliyetwaa Kombe la Dunia 2010, aliwahi kueleza kwamba kumwingilia mpinzani miguuni ni njia ya mwisho, si sifa ya kujivunia. Naungana naye kabisa. Anayepora mipira mingi huenda ni hodari, huenda pia kila mara amechelewa kufika.

Hata wingi wa pasi usikutishe. Septemba 2018 Jorginho wa Chelsea alipiga pasi 180 dhidi ya West Ham, rekodi ya Ligi Kuu ya Uingereza wakati ule. Mechi iliisha 0-0.

Lakini shemeji yako usimdharau. Macho nayo hupenda mwili mkubwa na kelele. N'Golo Kanté, kiungo mkabaji mfupi na mkimya, akiwa Caen msimu wa 2014/15 alikuwa kinara wa kurudisha mipira katika ligi ya Ufaransa. Leicester walimchukua 2015, wakawa mabingwa wa Uingereza 2016. Akahamia Chelsea, nao wakawa mabingwa 2017. Namba zilimtangaza kabla watu wengi hawajamtazama.

Sasa fanyeni hivi. Mechi ijayo, ikiwezekana uwanjani kwa sababu kamera hufuata mpira, mtazameni yeye peke yake kwa robo saa. Angalieni anageuza shingo mara ngapi kabla ya kupokea. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alibaini kwamba viungo wanaochungulia zaidi kabla ya mpira kuwafikia hufanikisha zaidi pasi za kwenda mbele. Angalieni pia mguso wake wa kwanza unaelekea lango lipi. Mimi nikimpima kijana, hapo ndipo ninapoanzia.

Kuhusu kumuuza, mwombe shemeji alete takwimu moja zaidi: timu inapigiwa mashuti mangapi akiwepo, na mangapi asipokuwepo. Kama amekosa mechi mbili tatu tu, msizitegemee. Zikiwa nyingi, dhidi ya wapinzani wa viwango tofauti, na mashuti yakapanda kila akikosekana, basi abaki, na mabao yatafutwe kwa namba nane, kiungo anayepanda kushambulia, na kwa washambuliaji.