Mahindi na mpunga ni ukoo mmoja, ila undugu wenyewe wa mbali

SWALI: Habari za kazi. Mi nalima Ifakara, mpunga bondeni na mahindi kidogo kule juu. Saa saba mchana jua la utosini mahindi yako freshi tu, mpunga maji yakipungua kidogo unanyong'onyea. Mwalimu wa mwanangu anasema zote ni nyasi, sasa mbona tabia hazifanani, na ndugu wa mahindi hasa ni nani?

JIBU: Mwalimu yuko sahihi ndugu yangu, ila ukoo wa nyasi uligawanyika makumi ya mamilioni ya miaka huko nyuma, upande mmoja wakabaki mpunga, ngano, shayiri na hata mianzi, upande wa pili mahindi, mtama, miwa, uwele na ulezi. Yaani mpunga wako una undugu wa karibu na mwanzi kuliko na mahindi!

Sasa tabia. Kwenye usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, jani linanasa kabonidioksidi kwa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ndani ya mmea) kinaitwa rubisko, na rubisko joto likipanda inakosea sana, inanasa oksijeni badala yake, mmea unapoteza nguvu kurekebisha. Mpunga unaishi hivyohivyo, hiyo ndo njia ya C3. Mahindi yanatumia C4, kuna kimeng'enya kingine kisichobabaishwa na oksijeni, kinanasa kabonidioksidi kwanza halafu inasukumwa mpaka kwenye seli zinazozunguka mshipa, na mle ndani inajaa kiasi kwamba rubisko haipati nafasi ya kukosea, kwa hiyo jani halihitaji kufungua sana matundu yake na maji hayapotei ovyo. Mwombe mwalimu akate kipande chembamba cha jani la mahindi akiweke kwenye hadubini, mtaona kila mshipa umevishwa pete ya seli kubwa za kijani kibichi, kwenye mpunga seli hizo zipo ila zimepauka.

Ila usije ukadhani C4 ni kinga ya ukame, mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele umekwisha, na ngano ni C3 lakini haitaki kusimama majini. Kupenda maji kwa mpunga ni habari nyingine.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba C4 ilizuka zaidi ya mara 20 kwenye nyasi, zote upande wa mahindi. Ulezi, ambaye jirani yake kiukoo ni ukoka ule wa uani, aliipata kivyake. Kuna nyasi inaitwa Alloteropsis semialata, kwenye miombo ya Tanzania na Zambia ipo ambayo iko katikati, sio C3 kamili wala C4 kamili.

Upande wa mpunga haikutokea hata mara moja. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mpunga kule Los Baños, Ufilipino, na wenzao wamehangaika miaka mingi kuupandikizia mpunga njia hiyo, mbegu ya kumpa mkulima bado haijatoka.