Mng'ao kwenye data ya mitetemo ya Rukwa: gesi, makaa au majivu ya volkano?

Data ya mitetemo hupatikana kwa kutuma wimbi ardhini na kurekodi linavyorudishwa na miamba. Chini ya Bonde la Rukwa kuna mashapo ya Karoo (kundi la miamba ya kale), ya kundi moja na yale yenye makaa ya mawe kule Kiwira. Juu yake kuna tabaka zilizochanganyika na majivu ya volkano. Vyote hivyo vinaweza kurudisha wimbi la mtetemo kwa nguvu, na kwenye skrini vikang'aa kama mchanga wenye gesi. Kijana anayeanza kazi hii hapa Mbeya ajizoeze kuuliza mapema: huu mng'ao ni wa nini?

Lakini kwanza mistari yako ya mitetemo, yaani njia ambazo data ilipimwa, ikae mahali pake. Kampuni ya mafuta ya Amoco ilikusanya data hapa miaka ya 1980, kisha ikachimba visima vya Ivuna na Galula mwaka 1987. Ramani nyingi za wakati ule zilifuata mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, ilhali programu yako huenda imewekwa mfumo wa WGS84, unaotumiwa na GPS. Ukiingiza viwianishi bila kuvibadilisha, mstari unahama takriban mita 300, hasa kwa kaskazini na kusini, na kisima kinaweza kuangukia upande usio wake wa mpasuko. Kanda ya UTM (mfumo wa gridi ya ramani) ni 36 Kusini.

Angalia pia udongo wa juu. Mchanga mkavu au majivu yaliyolegea husafirisha wimbi kwa mita 500 hivi kwa sekunde. Mita 10 za udongo huo hula milisekunde 20, wakati mwamba wa mita 2,000 kwa sekunde ungekula 5 tu. Tofauti ya 15 kwenda na 15 kurudi ni milisekunde 30, yaani bonde bandia la mita 30 huko chini, kwa mwendo wa mita 2,000 kwa sekunde. Ukiona "mkunjo" unaofuata umbo la ardhi ya juu, rudi kwenye masahihisho ya tabaka la juu kabla hujauchora kwenye ramani.

Sasa funga data kwenye kisima. Hapa usiharakishe. Chukua logi (rekodi ya vipimo vya kisimani) ya mwendo wa sauti na ya uzito wa mwamba kwa ujazo, na uanze kwa kusoma logi ya kipenyo: pale ukuta wa kisima ulipobomoka, uzito unaosomwa ni wa matope ya kuchimbia. Rekebisha mwendo kwa vipimo vya muda vilivyochukuliwa ndani ya kisima, tengeneza mtetemo wa kuiga kutokana na logi hizo, kisha ulinganishe na mstari. Ukilazimika kuvuta au kubana zaidi ya milisekunde 10 ili vifanane, kuna kosa mahali, na kuvuta kunalificha tu. Mwelekeo wa wimbi uthibitishe kwa mwamba wa msingi: unapoingia kwenye gneisi, mwamba mgumu wa kale, ugumu lazima uongezeke. Kampuni moja huuandika kama kilele, nyingine kama bonde. Ukigeuza hapo, kila gesi yako inakuwa mwamba mgumu.

Baada ya hapo fanya hesabu ya impidansi, yaani uzito (gramu kwa sentimita ya ujazo) mara mwendo (mita kwa sekunde). Kwa thamani za kawaida, mwambatope wa 2.45 na mita 2,900 unatoa kama 7,100. Mchanga wenye maji wa 2.3 na 3,200 unatoa kama 7,400, karibu sawa. Mchanga wenye gesi wa 2.1 na 2,600 unashuka hadi kama 5,500. Makaa ya 1.4 na 2,300 yanaangukia 3,200! Basalti inapita 15,000. Maana yake ni kwamba makaa hung'aa kwenye skrini kuliko gesi yenyewe, na tabaka la mita tatu linatosha. Kwa Hz 30 na mwendo wa mita 3,000, urefu wa wimbi ni mita 100, na tabaka lililo chini ya robo yake, mita 25, halionyeshi tena unene wake kwa muda. Linaonyesha ukubwa wa wimbi tu. Ndiyo maana mng'ao mkali hauthibitishi unene.

Kutofautisha, gawa data kwa pembe ambayo wimbi linapiga tabaka: nyuzi 5 hadi 15, 15 hadi 25, 25 hadi 35. Kwenye mchanga laini wenye gesi, wimbi hukua pembe zinapoongezeka. Kwenye makaa mara nyingi hupungua. Kisha fuata mng'ao kwenye ramani ya kina. Gesi iliyotulia juu ya maji hukatika kwenye kina kilekile pande zote za mkunjo, na wakati mwingine huacha mstari ulionyooka ukikata tabaka. Makaa hayajali mkunjo, yanashuka nao hadi bondeni. Data ya zamani iliyopokelewa kwa nyaya fupi za vipokezi inaweza isiwe na pembe za mbali za kutosha. Basi tegemea umbo na usijidanganye na rangi.

Hata ukipita mitihani hiyo, asilimia 5 hadi 10 ya gesi kwenye vinyweleo, yaani vitundu vya mwamba, hushusha mwendo karibu sawa na asilimia 70. Kwa heliamu inayotafutwa Rukwa, hilo ni zito zaidi, kwa kuwa heliamu iliyoyeyuka kwenye maji haionekani na viputo vichache vinaonekana sana. Kwenye ripoti andika "gesi ipo, kiasi hakijulikani", na uombe kipimo cha uzito kwenye kisima kijacho, kwa sababu uzito hushuka taratibu kadiri gesi inavyoongezeka.