Orange ilitoka mikononi mwa Nationals mwaka 2016

Je, Orange, jimbo la uchaguzi la bunge la New South Wales, Australia, bado ni la chama cha Nationals? Hapana, si lao tena. Walilishika tangu 1947, enzi chama chao kikiitwa Country Party, mpaka uchaguzi mdogo wa Novemba 2016. Mbunge wao, Andrew Gee, alikuwa amehamia bunge la shirikisho, na Philip Donato wa chama cha Shooters, Fishers and Farmers akakinyakua kiti kwa tofauti ya kura 50. Hamsini tu, tena baada ya kuhesabu upya! Huko mpiga kura anaweza kuwapanga wagombea kwa namba, na kura za wanaoenguliwa huhamia kwa chaguo linalofuata. Kura za chaguo la kwanza Donato alikuwa nyuma. Zilizombeba ni za chaguo la pili na kuendelea.

Wapiga kura walikuwa na hasira na serikali ya Mike Baird, kiongozi wa New South Wales wakati huo, ambayo Nationals walikuwamo: ilipiga marufuku mbio za mbwa na kulazimisha halmashauri ziunganishwe. Marufuku ilifutwa Oktoba, lakini maji yalishamwagika.

Donato alishinda tena 2019, kisha 2023 kama mgombea binafsi baada ya kukihama chama. Ila usichanganye na Calare: hicho ni kiti cha shirikisho, ingawa mji wa Orange umo humo humo.