Insha ya historia ya Shell: anza na makombe

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi insha yako kuhusu kampuni ya mafuta ya Shell. Usianze na visima. Anza na duka la London ambako mzee Marcus Samuel aliuza makombe ya baharini. Jina limetoka huko, maana shell kwa Kiingereza ni kombe. Kisha kaa sana kwenye mwaka 1892, meli ya wanawe, Murex, ilipopita Mfereji wa Suez imebeba mafuta ya taa ndani ya matangi yake, wakati washindani wakiyapeleka Asia kwa madebe. Hapo ndipo gharama iliposhuka, na mimi naona ndiyo siri yenyewe. Muungano wa 1907 na Royal Dutch, kampuni ya mafuta ya Uholanzi, Waholanzi wakimiliki asilimia 60, Waingereza 40, utaje kwa kifupi. Lakini tafadhali usiiruke Ogoni, Nigeria: mafuta yaliyomwagika kule yaliharibu mashamba na mito ya watu.