Shangazi wa Mapokezi: Bei ya Chini Ina Sababu Yake

Mwezi huu barua zenu zimenukia chumvi. Karibu zote zinauliza habari za hoteli za ufukweni kwa mfuko mwembamba. Kwa walioanza kunisoma leo: nilikaa nyuma ya dawati la mapokezi miaka 19, katika hoteli tatu zilizotazama bahari, na sita kati ya hiyo nilikuwa karani wa buking. Nimeuza vyumba vizuri, na nimeuza vingine ambavyo nisingemlaza mgeni wangu mwenyewe.

*Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tumeweka akiba mwaka mzima tuwapeleke watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 5, kwenye mji wa mapumziko wa pwani, usiku tano, hoteli iwe ufukweni. Nimepata mbili. Moja iko mchangani kabisa. Nyingine imeandika "hatua chache kutoka baharini" na bei yake ni karibu nusu ya ile. Mume wangu anasema rahisi ni ghali. Mimi naona tutaimaliza akiba yote kwenye chumba. Nani yuko sahihi? — Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Gawaneni haki nusu kwa nusu. Hoteli haishushi bei kwa huruma. Kila chumba cha bei ya chini nilichowahi kuuza kilikuwa na sababu, na sisi wa mapokezi tulikiita kwa sababu hiyo: "cha jenereta", "cha ngazi", "kile cha juu ya jiko". Asiyejua alikuwa mgeni peke yake. Kwa hiyo kabla hamjabishana ipi ghali na ipi rahisi, itafuteni sababu ya ile ya nusu bei. Mkiipata na mkaona haiwahusu, mmeokota pesa. Ngazi za ghorofa nne kwa mzee mwenye magoti mabovu ni adhabu. Kwa mwanao wa miaka 9 ni mchezo.

Anza na bahari, kabla hata ya kitanda. Kwenye pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ufukwe ukiwa na mteremko mzuri, mtu haoni tofauti kubwa. Ukiwa tambarare na mwamba mbele yake, maji yakipwa bahari inaondoka na kukuachia mawe, matope na majani, na kuogelea hakuna mpaka irudi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti inapungua. Picha zote za hoteli, na nasema zote, hupigwa maji yamejaa. Mpiga picha alipokuwa anakuja kwetu, mimi ndiye niliyempigia simu kumwambia saa.

Na bado yalinikuta. Nilimpeleka marehemu mama kwenye hoteli moja ambayo rafiki yangu wa kazi alinipatia bei nzuri mno. Sikuuliza kwa nini nzuri. Tulifika siku ya bamvua. Siku ya kwanza maji yalikupwa saa nne asubuhi, ya pili karibu saa tano, ya tatu saa sita kasoro dakika 20, yaani zile saa hasa ambazo mama alikuwa na nguvu za kutoka. Alisimama na kanga yake kifuani akitazama uwanja wa mawe, na vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu vikituangalia kutoka kwenye vidimbwi. "Bahari yenyewe iko wapi?" aliniuliza. Siku ya nne maji yalianza kutupa nafasi ya asubuhi, nasi tulikuwa tunafunga mizigo. Jedwali la maji lilikuwepo, ningelitazama kwa dakika tano.

Basi wewe litazame. Majedwali ya kupwa na kujaa ya miji mingi ya pwani yako mtandaoni bila malipo. Chukua tarehe zako, angalia maji yatakuwa juu saa ngapi, kisha jiulize kama watoto wako ni wa kuamka saa kumi na mbili au saa tatu. Lakini usilibebe jambo hili kila mahali. Katika Karibi tofauti ya kujaa na kupwa mara nyingi haifiki hata mita moja, kwa hiyo huko mtu haulizi habari za mwezi. Huko anauliza habari za sargasamu, yale majani ya baharini ya rangi ya hudhurungi ambayo tangu 2011 yamekuwa yakisukumwa ufukweni kwa wingi katika miaka mingi, hasa kuanzia Aprili hadi Agosti. Yakioza yananuka kama yai viza, na hapo bei hushuka zenyewe.

Sababu ya pili ni msimu. Mvua si lazima iwe adui. Mara nyingi hupiga saa mbili, jua likatoka, na chumba umekilipia pungufu. Upepo na mawimbi ndiyo ya kuogopa. Chukua Thailand: Phuket inapata pepo za kusini-magharibi kati ya Mei na Oktoba, mawimbi makubwa, bendera nyekundu ufukweni, na bei za kuchekesha. Kisiwa cha Samui, upande wa pili wa nchi ileile, mvua zake kubwa huja Oktoba hadi Desemba. Nchi moja, kalenda mbili! Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na ukali wake huwa Agosti hadi Oktoba. Ukiona bei imeanguka Septemba huko, sababu umeshaijua. Anayekwenda kuogelea asiinunue. Anayekwenda kusoma vitabu barazani anaweza, ila achukue chumba kinachoruhusu kufuta buking bila kupoteza pesa.

Sasa hizo "hatua chache". Fungua ramani ya picha za setilaiti, pima kwa kidole kutoka mlango wa hoteli hadi mchangani, na uangalie kilichopo katikati. Ukiona barabara ya magari ya njia nne, hatua hizo utazipiga ukiwa umeshika mikono miwili ya watoto, taulo shingoni na ndoo ya mchanga kwenye meno. Hata hivyo, kama kuna kivuko na ni dakika tano kwa miguu, mimi ningechukua hiyo ya nusu bei bila kusita. Ikiwa ni mbali ya kupanda gari, kaa chini na kalamu. Ninyi ni wanne. Kwenda na kurudi ni nauli 8. Mtoto wa miaka 5 atataka kulala mchana, mrudi hotelini, kisha jioni mwende tena: nauli 16 kwa siku, na kwa siku nne kamili nauli 64. Linganisha jumla hiyo na tofauti ya bei ya vyumba. Nimeona familia zikiokoa kwenye chumba na kuimwaga yote barabarani.

Nimesema siku nne, ingawa unalipia usiku tano. Hoteli nyingi hukupa chumba saa nane mchana na hukutaka utoke saa nne au saa tano asubuhi. Usiku tano ni siku nne kamili na vipande viwili. Mkifika usiku wa manane, huo usiku wa kwanza msiulipie ufukweni: bahari hamtaiona, mnanunua giza. Laleni kwenye nyumba ya wageni ya mjini, safi na ya kawaida, asubuhi mwende kuacha mizigo mapokezi ya ile ya ufukweni na watoto wakaingie majini kabla hata hamjapewa ufunguo. Karibu kila hoteli itapokea mizigo. Siku ya kuondoka vilevile, ulizeni mapema kama kuna bafu la wageni waliokwisha kutoka, maana hakuna safari mbaya kama ya mtoto mwenye mchanga kwenye nguo za ndani.

Mwisho, piga simu. Piga kati ya saa tano na saa saba mchana, wanaotoka wameshatoka na wanaoingia hawajaanza, na karani ana pumzi. Usimuulize "Je, hoteli ni nzuri?" Muulize: maji yakipwa, watoto wanaweza kuogelea? Kuna ujenzi unaendelea, ndani au jirani? Muziki wa usiku unatoka wapi, na huzimwa saa ngapi? Karani anayenyamaza kidogo kabla ya kujibu amekujibu. Na kwa kuwa mitandao ya buking hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi, muulize pia bei ya moja kwa moja. Asipoweza kushusha, mwombe aongeze: kifungua kinywa cha watoto, au kutoka saa sita badala ya saa nne. Hivyo mimi nilikuwa na ruhusa ya kutoa bila kumuuliza meneja.

*Shangazi, mimi husafiri na mkoba mmoja. Nimepata chumba kizuri mtaa wa pili kutoka baharini, lakini mbele yake kuna hoteli kubwa zimejipanga kwenye ufukwe wote. Nikienda kuketi mchangani pale watanifukuza? — Kijana wa Mkoba*

Inategemea sheria ya huko, mwanangu, na mara nyingi sheria iko upande wako. Meksiko fukwe ni mali ya umma, na ukanda wa mita 20 juu ya mstari wa maji ni wa serikali kuu. Tangu 2020 anayezuia watu kupita kwenda ufukweni anaweza kutozwa faini. Hawaii ufukwe ni wa watu wote mpaka pale wimbi la juu linapofika. Cha hoteli ni kitanda, mwavuli, kivuli, choo na bwawa. Kwa hiyo chukua kitambaa chako, tandika karibu na maji, na usiguse kitanda cha mtu. Kazi iko kwenye njia ya kufika. Hoteli zikibanana, kichochoro cha umma kinaweza kuwa mbali, kwa hiyo kitafute kwenye ramani kabla hujalipa chumba. Na siku ukitaka kivuli na bwawa, hoteli nyingi huuza tiketi ya siku. Siku moja kati ya sita haikuumizi. Mlinzi akikusumbua, usimjibu kwa kifungu cha sheria. Msalimie, muulize njia ya umma iko wapi. Nimefanya kazi na walinzi wengi. Aliyesalimiwa hachoki kuelekeza.

*Je, kulipia kila kitu pamoja, chumba, chakula na vinywaji, kunaokoa pesa? — Wachumba Wawili*

Kwa wanywaji na familia za watoto wasioshiba, mara nyingi ndiyo. Kwa ninyi wawili mnaotaka kuzurura mji, hapana. Mtalipia chakula cha mchana mkiwa mbali nacho. Chukueni chumba na kifungua kinywa, mle vizuri asubuhi.

Ila bei yoyote mtakayopewa, ulizeni kama ndiyo ya mwisho: kodi, ada ya huduma, tozo ya mji kwa kila usiku, na zile ada za lazima za "mapumziko" zinazojitokeza mkiwa tayari dawatini. Marekani, tangu tarehe 12 Mei 2025, hoteli lazima ionyeshe ada zake za lazima ndani ya bei tangu mwanzo. Kwingine huenda ukaombwa hesabu ya pili. Niliwahi kuwa mtu wa kuiomba, na sikuwahi kuizoea ile sura ya mgeni.

*Nililipia chumba cha kutazama bahari. Nimefika, naiona nikijining'iniza kwenye baraza na kupinda shingo. Ningefanya nini? — Shingo Inaniuma*

Pole ndugu yangu. Kwa lugha ya hoteli, "kutazama bahari" na "mbele ya bahari" ni vitu viwili, na kuna cha tatu, "kutazama bahari kwa upande", ambacho ndicho chako. Wakati mwingine wanaliacha neno "upande". Siku nyingine ombeni picha iliyopigwa kutoka barazani kwa chumba chenyewe, kwa namba yake. Ukishafika, usifungue begi. Kitanda kikishakaliwa, wa usafi ameshaingia kwenye hesabu na mimi siwezi kukuhamisha bila maelezo marefu. Rudi mapokezi ndani ya dakika kumi, shika karatasi yako ya buking, sema kwa sauti ya chini unachotaka: "Naomba ghorofa ya juu zaidi, mwisho wa korido, mbali na lifti." Ukipiga kelele mbele ya wageni wengine, karani atakuita meneja. Ukisema taratibu, atafungua lile daftari la vyumba viwili vitatu tunavyoviweka akiba hadi saa mbili usiku. Vipo. Nilikuwa naviweka mimi.