Kabla hujamnunulia mzazi mashine ya sikio, mpeleke kwanza akapimwe

Mama yangu ana miaka 68 na kwa karibu miaka mitatu nyumba nzima tulikua tunaongea naye kwa kupaza sauti mpaka majirani wakawa wanajua habari zetu zote. Ukimwambia mama masikio hayako sawa anakujibu nasikia bwana, nyie ndo mnamung'unya maneno. Na kweli alikua anasikia, mlango ukigongwa anasikia, simu ikiita anasikia, ila siku moja nikamuuliza shati langu liko wapi akanijibu chai iko kwenye chupa, mjukuu akacheka, mama akanyamaza kimya. Kuanzia siku hiyo wageni wakija haji tena kukaa sebuleni. Hicho ndo kiliniuma.

Nikakimbilia Kariakoo, nikanunua kidude cha 45,000 kwenye boksi zuri tu, muuzaji hakuniuliza hata swali moja kuhusu anayeenda kukivaa. Mama kakivaa siku tatu. Siku ya nne nikakikuta kwenye kabati la vyombo, ndani ya kikombe. Akaniambia mwanangu, hiki kinaniletea kelele za friji na bodaboda na sahani, nyie wenyewe siwasikii.

Nimekuja kuelewa baadae kwa nini. Masikio ya mtu mzima mara nyingi hayapotezi sauti zote kwa pamoja, yanaanza kupoteza zile nyembamba za juu, na humo ndo zimo s, f, sh, t na k. Sauti nene, a na o na u, bado anazipata vizuri. Kwa hiyo mtu anasikia kwamba unaongea ila neno linamfikia limetoboka, anajazia mwenyewe. Vile vidude vya bei ya chini vingi ni vikuza sauti tu, vinapandisha kila kitu kwa pamoja, hata zile sauti ambazo mama alikua hana shida nazo, na ukikizidisha sana kinaweza kuumiza hata usikivu uliobaki. Mashine yenyewe ya kusikia, hii wengine wanaiita shimesikio, inasetiwa ipandishe pale palipopungua na paliposalia ipaache.

Sasa utajuaje palipopungua bila kupima? Ndo maana nasema pesa ya kwanza iende kwenye kipimo. Sisi tulienda kliniki ya masikio, pua na koo. (Kwa Dar wengi wanaanzia Muhimbili, walioko kaskazini KCMC pale Moshi.) Kwanza daktari alimulika ndani akakuta nta imeziba sikio la kulia, ikatolewa, na nikafikiria ni watu wangapi wamenunuliwa mashine wakati shida ni nta. Halafu mama akaingizwa kwenye chumba kidogo kimya kabisa, kavalishwa hedifoni, kapewa kitufe, kila akisikia mlio anabonyeza. Mimi nimesimama nje namwangalia kwenye kioo, kuna sehemu alikaa muda mrefu kidole kiko juu ya kitufe, anasubiri, na kumbe mlio ulikua unapigwa muda wote huo. Nilitokwa na machozi.

Wakatupa karatasi ya grafu, duara nyekundu sikio la kulia, alama za x za bluu la kushoto, mistari imeanza vizuri halafu inaporomoka kuelekea upande wa sauti nyembamba. Mtaalamu akauliza alikua anafanya kazi gani, nikamwambia miaka mingi mashine ya kusaga na kukoboa, Tanga. Akasema kelele ya desibeli 85 kwa masaa nane kila siku inatosha kula sikio taratibu. Kipimo chote kilitugharimu chini ya kile kidude cha Kariakoo. Na hiyo karatasi ni ya kwako, omba nakala, ukienda kuulizia bei sehemu nyingine unaenda nayo.

Kwenye kupunguza gharama, sisi tuliacha urembo. Blutuuthi mama haihitaji, zile ndogo za kujificha ndani kabisa ya sikio tuliziacha pia, tukachukua ya kukaa nyuma ya sikio, ya betri namba 13 zenye stika ya chungwa. (Betri hizi zinaanza kufanya kazi hewa ikiingia, kwa hiyo usibandue stika mpaka siku ya kuitumia, ukiirudishia haisaidii.) Tulianza na sikio moja, 650,000 pamoja na kusetiwa na kurudi mara tatu. Mawili ni bora kama shida iko pande zote, ila uwezo ndo ulikua huo, na moja linalovaliwa kila siku ni bora kuliko mawili yaliyoko kabatini.

Wenye ndugu Marekani mtaambiwa kule tangu Oktoba 2022 mtu mzima anajinunulia dukani bila cheti. Ni kweli, ila ni kwa wenye miaka 18 na kuendelea ambao upungufu wao ni mdogo au wa kati, na nyingi unazisetia mwenyewe kwa simu janja. Kama ni wewe mwenyewe, shida ndogo, simu unaijua vizuri, umeshapimwa, mimi siwezi kukukataza. Kwa mzee mwenye simu ya kitochi itakua shida. Na kabla hawajaituma piga simu kwa mtaalamu wa huku umuulize kama ataweza kufungua setingi zake, maana kuna mashine zimefungwa, anayeweza kuzigusa ni aliyeziuza tu. Hata za mtumba swali ni hilo hilo.

Mtoto usimjaribishie kabisa, huyo ni wa wataalamu moja kwa moja. Na kama sikio limeziba ghafla ndani ya siku moja mbili tatu, au ni upande mmoja tu, au linatoa usaha, linauma, au kuna kizunguzungu, hapo achana na habari za kununua mashine, nenda hospitali leo leo, ile ya ghafla dawa zake zinasaidia ukiwahi, ukichelewa ndo basi tena.

Wiki ya kwanza mama alilalamika sauti yake mwenyewe inamrudia kama yuko ndani ya pipa. Tukarudi wakapunguza kidogo. Tulianza masaa mawili kwa siku, nyumbani tu, halafu sokoni, mpaka ubongo ukazoea, ilichukua kama mwezi. Usiku tunaiweka kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu, joto hili la Dar na jasho vinaziua haraka.

Sasa anakaa sebuleni. Kilichobaki ni kwamba akijifunika mtandio mashine inapiga filimbi, na kile kipande cha kuingia sikioni nahisi kimelegea, kwa hiyo alhamisi tunarudi wamchukulie vipimo vya kingine.